Shimo la Ng'ombe na Gati la Bwisya

Ukitaka kuielewa bandari ya Bwisya, anza na mavi ya ng'ombe. Najua msomaji wa mjini angependa nianze na ziwa, upepo wa asubuhi na boti zilizopakwa rangi. Hayo yote yapo na yanapendeza, ila hayaelezi kitu. Mimi nilikuwa bwana shamba hadi nilipostaafu, na bwana shamba akifika mahali hutazama kwanza chini. Pale Ukara, kisiwa ambacho Bwisya ndiyo mlango wake, ardhi unayoikanyaga imetengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, wakibeba samadi vichwani.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 80 hivi, kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Ukerewe. Ukitoka Mwanza unapanda meli hadi Nansio. Zamani zetu ilikuwa MV Clarias, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kupewa jina la kitaalamu la kambale, au MV Butiama. Nansio unatafuta gari la kukuvusha kisiwa kizima hadi Bugolora, na Bugolora ndiko kiliko kivuko cha kwenda Bwisya. Ukara ina kata nne: Bwisya, Bukungu, Bukiko na Nyamanga. Kila unapogeuka kuna majabali ya itale yaliyopandana, likiwemo lile linalocheza ambalo wageni huletwa kulitazama. Kati ya majabali hayo udongo ni kichanga chepesi, wa aina ambayo sisi tuliosomea kilimo Ukiriguru tulifundishwa kwamba ukiulima miaka mitatu mfululizo bila kuupumzisha, umekwisha.

Wakara hawakuupumzisha hata mwaka mmoja. Uwele ulipandwa kila mwaka kwenye shamba lile lile. Mwaka wa kwanza walimwaga samadi, wakapanda uwele, na katikati ya uwele wakasia mmea wa jamii ya marejea. Uwele ukishavunwa mmea ule unabaki shambani, unakua, kisha unakatwa na kufukiwa ardhini uoze. (Wamisionari Wabenediktini wa Peramiho, kule Songea, walisifiwa sana kwa kuwafundisha wakulima kupanda marejea. Wanastahili sifa. Lakini Wakara walikuwa wakifukia mimea yao bila padri wala semina.) Miaka iliyofuata samadi iliendelea, uwele tena, na zamu ya njugu mawe na mtama ikapangwa humo humo, mpaka mzunguko wa miaka mitatu ukamilike na kuanza upya. Mabondeni walilima mpunga. Kwenye miteremko walipanga mawe ili mvua isiondoke na kichanga chao kwenda ziwani.

Na samadi ilitoka wapi, katika kisiwa kisicho na malisho? Ilitoka ndani ya nyumba. Ng'ombe wa Ukara alikaa shimoni. Lilichimbwa shimo la kina cha mita moja hivi ndani ya nyumba yenyewe, ng'ombe akaingizwa humo, akaletewa majani na maji. Majani aliyobakiza, pamoja na matandiko aliyowekewa, aliyakanyaga yakachanganyika na kinyesi na mkojo. Shimo likijaa linazolewa. Hakuna kilichopotea, hata mkojo, na mkojo ndio wenye naitrojeni nyingi. Katika maboma yetu ya Usukumani huo unaishia mchangani. Majani ya kulisha yalikatwa popote yalipoonekana: kingo za njia, mianya ya majabali, matawi ya miti. Karibu na maji walichimba vishamba vya chini, vilivyofikia unyevu wa ziwa, wakapanda majani marefu ya ng'ombe humo. Mtu alimiliki mti hata uliosimama kwenye shamba la mwenzake, na majani ya mti ule yalikuwa yake. Ukipukutisha majani ya mti wa jirani kwa ajili ya ng'ombe wako, hapo unajibu shauri la wizi.

Mimi ni Msukuma wa Misungwi. Nilipopangiwa kazi Ukerewe na kuanza kuvuka kwenda Ukara kwa boti za mbao, mzee mmoja wa pale Bwisya aliniuliza baba yangu ana ng'ombe wangapi. Nikamtajia. Akauliza samadi yao inafanya kazi gani. Nikamwambia inalala bomani, imefika magotini, na mvua ikinyesha ng'ombe wanazama. Alinyamaza kidogo, akamgeukia mkewe akamwambia kitu kwa Kikara, wakacheka mpaka machozi. Kikara kinakaribiana na Kijita kuliko kinavyokaribiana na Kikerewe, kwa hiyo Kikerewe nilichokuwa nimeanza kuokoteza Nansio hakikunisaidia. Nikamwomba mzee anitafsirie.

“Nimemwambia, mwanangu, kwamba baba yako amelalia chakula na hajui.”

Sifa za kisiwa hiki hazikuanza na mimi. Mwaka 1936, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records, maofisa wawili wa Kiingereza, Thornton na Rounce, waliandika makala kuhusu kilimo cha Wakara. Rounce alikuwa mtu wa kilimo katika jimbo letu la Ziwa, na ukimsoma unaona mshangao wake. Serikali ilikuwa ikihangaika na mmomonyoko wa udongo Usukumani, ng'ombe wengi, pamba ikizidi kutafuna ardhi. Kumbe ng'ambo ya maji palikuwa na watu waliokuwa wametatua tatizo zima bila kuambiwa na mtu. Ukerewe ilipata mwandishi wake, Aniceti Kitereza wa Kagunguli, aliyeyaandika maisha ya Wakerewe kwa lugha yao wenyewe. Ukara ikapata mabwana shamba. Tumeandika mengi kuhusu vinyesi vyao kuliko kuhusu nyimbo zao, na hilo naliona ni deni.

Kilichofuata huko Usukumani wazee wetu walikikumbuka kwa uchungu. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1947, ukaanzishwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na ndani yake sheria ndogo ndogo: lima matuta ya kufunga, mwaga samadi kwenye eneo la kadiri fulani, punguza mifugo. Asiyefanya, faini. Watu walichukia. Uchungu ule uliingia kwenye siasa za kudai uhuru, na mwaka 1958 Geita ikachafuka kabisa. Sheria zile zikaachwa. Marehemu baba yangu alilipa faini ya samadi ujana wake, na ndiyo maana hadi anakufa neno samadi lilimkera. Wakara walifanya kazi ile ile, tena zaidi ya ile iliyodaiwa kwetu, na hakuna karani aliyewaandikia faini.

Kwa nini wao wakaweza? Jibu lililopendwa ofisini ni kwamba Wakara ni watu wa bidii. Ni jibu la kivivu. Mjerumani mmoja, Heinz Dietrich Ludwig, alikichunguza kisiwa hicho miaka ya 1960, na alichokiona kinavunja hadithi ya bidii vipande vipande. Wakati huo Ukara ilikuwa na watu 16,000 hivi, kiasi cha 200 kwa kila kilomita ya mraba, wanaoishi kwa jembe la mkono kwenye kichanga. Idadi haikuwa imepanda sana kwa muda mrefu kwa sababu moja: waliozidi walivuka. Walikwenda Ukerewe, walikwenda bara, kulikokuwa na mapori ya kufyeka. Na Mkara aliyevuka, akapata eka za kutosha, aliacha shimo. Aliacha kufukia mimea, aliacha kuchuma majani ya miti kumlisha ng'ombe, akalima kama wenyeji wa huko, shamba likichoka anahamia jingine. Mtu yule yule, mikono ile ile, elimu ile ile. Kilichobadilika ni eneo tu.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa saa moja ya kazi, mkulima wa ardhi tele huvuna zaidi kuliko mkulima wa shimo la samadi. Mkara wa kisiwani alipata mavuno mengi kwa eka, lakini alilipa kwa mgongo wake mwaka mzima bila msimu wa kupumzika. Bibi mmoja wa Kidenishi, Ester Boserup, alichapisha mwaka 1965 kitabu chenye hoja hiyo kwa dunia nzima: watu hawalimi kwa nguvu mpaka wamebanana. Sijui kama aliwahi kulisikia jina la Ukara kabla ya kuandika, ila angekuja Bwisya angepata ushahidi wake kabla hajateremka kwenye boti.

Basi hapo ndipo bandari inapoingia. Watu wengi wanadhani kisiwa ni mahali palipotengwa, kisha siku moja serikali ikaleta kivuko, kutengwa kukaisha. Kwa Ukara kuvuka ni jambo kongwe kama kilimo chenyewe, maana bila kuvuka hesabu ya kisiwa isingetimia. Shimo la ng'ombe na mtumbwi vilikuwa majibu mawili ya swali moja. Aliyebaki alijibu kwa shimo, aliyeondoka alijibu kwa mtumbwi.

Si kwamba walimkaribisha kila aliyekuja kwa maji. Katikati ya mwaka 1877 mashua ya wamisionari Waanglikana wa CMS, iliyoitwa Daisy, ilisogea Ukara ikiwa njiani kwenda Buganda. Ilipokewa kwa mawe na mishale. Luteni Shergold Smith akaumia jicho, mwenzake Wilson akapigwa mshale. Mwezi Desemba mwaka huo huo Smith aliuawa Ukerewe pamoja na O'Neill, na pamoja nao mfanyabiashara Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi katika nchi ya mtawala Lukonge. Ugomvi ulihusu jahazi hilo lililokuwa limeuzwa kwa wamisionari. Vitabu vya misheni vimeandika sana juu ya damu ya Ukerewe na kidogo tu juu ya mawe ya Ukara. Mimi nayaona mawe yale yana mantiki. Kisiwa kisicho na shamba moja lisilo na mwenyewe kina sababu ya kuuliza mgeni anataka nini kabla hajatia nanga.

Kisha ziwa nalo likaingilia. Mvua za mwaka 1961 zilikuwa za ajabu, na kufikia 1964 maji ya ziwa yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Anayejua vile vishamba vya majani vilichimbwa usawa gani hahitaji kuelezwa viliishia wapi. Ziwa lilipanda tena mwaka 2020 hadi kiwango ambacho vipimo vilikuwa havijawahi kukionyesha, na safari hii kilichohangaisha watu ni magati na mialo, si majani ya ng'ombe. Ukitaka kupima mabadiliko ya Ukara katika miaka sitini, tumia hiyo: maji yale yale, hasara tofauti.

Samaki ndiye aliyebadilisha. Sangara aliwekwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Miaka ya 1990 Mwanza ikajaa viwanda vya minofu. Kijana wa Ukara ambaye babu yake alikuwa na machaguo mawili, shimo au mtumbwi wa kuhama, sasa alikuwa na la tatu: kuingia ziwani usiku na kurudi asubuhi na pesa. Baadaye dagaa nao wakapata soko lao, na ukisimama juu ya majabali ya Bwisya usiku wa giza unaona karabai zimetapakaa majini mpaka unashindwa kujua mji uko upande gani. Mashambani muhogo ukachukua nafasi kubwa ya uwele. Muhogo hauombi samadi sana, haufukuziwi ndege, unakusubiri ardhini mpaka urudi kutoka ziwani. Mimi kama mtaalamu nililalamika kwenye ripoti zangu. Kama mtu wa kawaida ningefanya vile vile.

Pesa ya samaki inahitaji pa kutumika, na hapo gulio la Bugolora likanenepa. Siku yake ni Alhamisi. Akina mama wa Ukara wanavuka na dagaa na mpunga; wa Ukerewe wanangoja na ndizi, mahindi, mitumba, vyombo vya plastiki. Wengi wanaovuka wana ndugu ng'ambo, kwa sababu ya ile hesabu ya zamani ya waliozidi, kwa hiyo gulio ni pia siku ya kupelekeana habari za msiba na posa. Boti za mbao ndizo zilizobeba haya yote kwa miaka mingi, zikiwa na mashine za kuning'iniza nyuma. Kwenye zile boti hakuna aliyekaa; ulisimama kati ya gunia na mbuzi, ukamwangalia nahodha usoni kujua kama mawimbi ni ya kawaida.

Kivuko MV Nyerere kilijengwa mwaka 2004. Uwezo wake ulikuwa umeandikwa: watu 101 na tani 25 za mizigo. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, mchana, kikitokea Bugolora, kilipinduka kikiwa kimebakiza mita hamsini hivi kufika gati la Bwisya. Waliokuwa wakisubiri ndugu zao gatini waliona kwa macho. Watu 228 walikufa, 41 waliokolewa, mmoja wao fundi wa mitambo aliyepatikana hai ndani ya kivuko siku mbili baadaye. Baadhi walizikwa pale pale Bwisya, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwepo, na Rais Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo. Sehemu ya rambirambi ilijenga kituo cha afya cha Bwisya. Baadaye kilikuja kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II Hapa Kazi Tu, kilichojengwa Mwanza.

Jumlisha mwenyewe uone kivuko kilibeba mara ngapi ya kiwango chake. Walikuwa na makosa wao waliopanda? Nimesikia maneno hayo Mwanza, kwenye vijiwe vya kahawa, kutoka kwa watu ambao mkate wao hauvuki maji. Alhamisi haikuwa siri. Ilikuja kila wiki, na kila mtu aliyehusika na kivuko kile alijua Jumanne kina watu wachache na Alhamisi kinafurika. Kiwango cha watu 101 kiliandikwa kama vile siku zote saba zinafanana. Ukara ni moja ya visiwa 38 vya wilaya ya Ukerewe, na kati ya vyote hivyo sikijui kingine ambacho hesabu ya watu wake imesomwa na wataalamu wengi kiasi hicho, tangu 1936. Tulijua kila kilo ya samadi yao. Idadi ya wanaovuka siku ya gulio haikuwa jambo gumu kulijua.

Nasema hivyo bila kutaka kuifanya Bwisya iwe kijiji cha maafa. Waandishi wanaokwenda huko siku hizi wanapiga picha makaburi, wanapanda kivuko cha jioni, wanarudi. Hawapandi mlimani. Mashimo ya ng'ombe bado yapo, si katika kila nyumba, lakini yapo, na mawe yaliyopangwa kwenye miteremko bado yanashika kichanga. Nilimtembelea mjukuu wa yule mzee aliyenicheka. Ana robo tatu ya eka kwa vipande vitatu, mpunga kidogo bondeni, na ng'ombe wawili shimoni. Kaka yake alihamia Geita zamani, ana eka nane, huja Bwisya kumwona mama yao. Nilimkuta hapo.

Nikauliza kwa nini yeye hana shimo kule Geita wakati amelelewa juu ya shimo.

“Shikamoo, mzee,” akanisalimia kwanza, maana nilikuwa nimesahau salamu kwa haraka yangu. Kisha akajibu: “La kazi gani? Mahindi yanatoka. Mimi naamka saa mbili.”

Mdogo wake akasema mahindi ya Geita yanatoka sasa, lakini eka nane zikigawiwa watoto sita hazitakuwa nane tena. Kaka akasema watoto watasoma. Mdogo akasema hata yeye alisoma. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikaisha, kisha mdogo akanigeukia mimi, bwana shamba, akitaka niamue nani kati yao ni mkulima bora. Nikawaambia nimestaafu, halafu nikamwomba mdogo anionyeshe shimo, kwa sababu nilitaka kuona anatumia matandiko gani sasa hivi nyasi zikiwa adimu. Anatumia makapi ya mpunga. Nikamwambia ayalowanishe kwanza.